Mkalimani wa Mama Mkwe

Pale Mabatini alipopanga chumba, Okwach alikuwa amechoka kueleza anasoma nini. Akisema uandishi wa habari, watu waliitikia vizuri na kumwambia siku moja tutakusikia redioni. Akiongeza kwamba anasoma na Kihispania, nyuso zilibadilika, utadhani amewaambia anasomea udaktari pamoja na kupiga ramli.

Kozi zenyewe zilikwenda kwa mpigo. Upande mmoja uandishi wa habari wa lugha mbili, upande wa pili Kihispania, na mtu akifika salama mwisho wa safari anatoka na shahada yenye vichwa viwili. Mwaka wa kwanza walianza wanafunzi wa kutosha kujaza benchi za mbele. Wengi wakachungulia, wakakimbilia sheria na uhasibu. Kufikia mwaka wa mwisho walibaki wakaidi wachache tu, na Okwach alikuwa mkaidi kuliko wote kwa sababu rahisi kabisa: alikuwa anaipenda kazi ile. Alipenda kuandika habari ya mvuvi asubuhi kwa Kiswahili, kisha mchana kuiandika upya kwa Kihispania na kukuta mvuvi bado anapumua. Kuna watu wanapenda mpira, yeye alipenda hiyo.

Tatizo lilikuwa Mama Janet.

Janet alikuwa anasoma ualimu chuoni Butimba, na yeye na Okwach walishaelewana zamani. Wote ni Waluo wa Rorya waliokulia Mwanza, dini moja, hakuna undugu wa kuwazuia. Wajomba na baba wadogo wa Okwach kule Shirati walikuwa tayari kuja kuposa hata kesho. Baba yake Janet alikuwa ameshafariki, na ndugu wa marehemu walisema wazi kwamba watafuata neno la mama. Na neno la mama lilikuwa hili:

"Huyo kijana anasoma lugha ya watu wasiokuwepo. Mtu anayejifunza kuongea na watu ambao hawapo, waliopo atawaambia nini? Mwambie angoje kwanza."

Hakusema hapana, ila alisema angoje, na Okwach alikuwa anangoja tangu mvua za vuli. Kungoja kulimuuma zaidi ya alivyokubali kusema, maana usiku alikuwa akijiuliza kama kweli lugha aliyoipenda ndiyo itakayomkosesha mke.

Kwenda kujieleza mwenyewe haikuwezekana. Kwao, kijana akishatajwa nyumbani kwa binti kama mkwe mtarajiwa, yeye na mama wa binti wanaanza kuogopana kwa heshima. Hawashikani mikono, hakuna anayekula mbele ya mwenzake, hawakai jirani, na wakikutana njiani mmoja anatafuta pa kujificha. Siku moja pale Igombe, ufukweni anakofanyia kazi mama huyo, Okwach alimwona Mama Janet anakuja kwa mbele, akaingia kwenye mashine ya kusaga bila mahindi wala shughuli yoyote. Alisimama kati ya magunia mpaka akatoka mweupe kichwa kizima. Mwenye mashine bado anamkumbusha.

Basi siku moja Mwalimu Venant akamwita ofisini. Mwalimu Venant, mwalimu wao wa Kihispania, alikuwa Mhaya aliyesomea Kuba enzi za ujana wake. Alirudi na Kihispania cha mwendo kasi kinachomeza herufi za mwisho, pamoja na imani kwamba hakuna jambo linaloshindikana kabla ya chakula cha mchana.

"Okwach, kazi yako ya mwisho imejileta yenyewe," alisema. "Kuna mtangazaji anakuja, anaitwa Rosaura Mamani, Mperu. Kwao kuna ziwa juu kabisa milimani. Anazunguka dunia anatengeneza vipindi vya wanawake wa maziwani. Kiswahili hajui, Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Idara zote mbili zimekubaliana. Utamkalimania, hiyo ni yangu. Halafu utaandika habari kwa Kiswahili na kwa Kihispania, hiyo ni ya Dakta Malimi na uandishi wake wa habari. Kazi moja, kozi zote mbili zimekwisha."

Okwach alifurahi mpaka akasimama. "Tunamhoji nani, mwalimu?"

"Mwenyekiti wa akina mama wa dagaa kule Igombe. Wanamwita Mama Janet."

Okwach akakaa tena. "Mwalimu, huyo ni mama mkwe wangu. Yaani bado. Lakini ndiye."

"Safi sana, mnafahamiana."

"Mwalimu, hiyo ndiyo sababu haiwezekani!"

Alijitahidi kutafuta mtu wa kumbadili. Masele, rafiki yake wa darasani, alikubali kwa moyo mweupe, kisha akauliza chanja la kuanikia dagaa linaitwaje kwa Kihispania, na hapo mjadala ukaisha. Ikabidi Janet apeleke habari nyumbani. Alirudi na jibu fupi.

"Mama amesema uje. Amesema, anataka kuwa mdomo wangu? Aje tuone."

Kabla hawajaondoka, Dakta Malimi alimkumbusha sheria yake moja, ile aliyoirudia darasani mpaka wanafunzi walikuwa wakiiota. Alikuwa mama mpole, lakini kwenye hili hakuwa na mchezo. "Mkalimani hana maneno yake. Mtu akisema 'mimi', na wewe unasema 'mimi'. Hupunguzi, huongezi, hupambi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dakta," alisema Okwach, na alikuwa anasema kweli.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi hulala ufukweni na wanawake hupata nafasi ya kupumua. Mama Janet alikuwa amewapangia viti chini ya banda la mabati, karibu na machanja matupu. Wenzake walikaa pembeni wakiziba nyavu zilizotoboka, wote wakiwa wameacha kazi za maana makwao ili wasipitwe. Igombe nzima ilijua kijana yule ni nani kwa mama yule.

Okwach alichukua kigoda chake akakisogeza nyuma ya rundo la makreti, akakaa ubavu, uso ukielekea majini.

"Shikamoo mama," aliliambia ziwa.

"Marahaba," Mama Janet aliyaambia makreti.

Rosaura, mwanamke mfupi mwenye kofia ya duara na nywele za kusuka zilizofika kiunoni, alimuuliza kwa nini amekaa kama aliyeadhibiwa. Okwach akamweleza kwa ufupi kwamba kati yake na mama huyu kuna heshima ya kimila inayotaka umbali, bila kufika kwenye habari za binti. Rosaura akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, akaweka kinasa sauti katikati ya umbali huo, wakaanza.

Mama Janet alikuwa msemaji. Alieleza jinsi zamani walivyokuwa wakianika dagaa mchangani, mvua ikija usiku wanaamka wote na watoto kukusanya, na dagaa akishaingiwa mchanga anageuka chakula cha kuku. Alieleza alivyowashawishi wanawake wajenge machanja ya kuinua dagaa juu, na wanaume wakasema hayo ni maringo, mpaka walipoona mzigo mkavu unagombaniwa na wafanyabiashara waliotoka mbali. Alieleza alivyofiwa na mume, Janet akiwa bado hajaanza shule. Watu walimwambia arudi Rorya, akakataa, kwa sababu kazi yake ilikuwa hapa na mikono yake ilikuwa imeshaizoea.

Yote hayo Okwach aliyapitisha kwa Kihispania, kila "mimi" akiiacha "mimi". Mimi nilifiwa. Mimi nilikataa kurudi. Mwanzoni alijisikia vibaya, kama mtu aliyevaa koti la mwenzake bila kuomba. Kisha akasahau haya. Alikuwa amemwogopa mwanamke huyu miezi yote ile, amemkimbia mpaka kwenye unga, na sasa maisha yake yalikuwa yanapita mdomoni mwake neno kwa neno. Akampenda mama huyu, hapohapo, bila kupewa ruhusa na mtu yeyote.

Ndipo Rosaura alipouliza kama angependa binti yake naye afanye kazi ya dagaa.

Wanawake wa nyavu wakaacha kushona.

"Binti yangu atakuwa mwalimu," alisema. "Lakini kuna kijana anamtaka. Kijana huyo anasoma lugha ambayo hapa hakuna anayeisema. Namwona ni mtu wa maneno, na watu wa maneno nimewaona wengi. Wanakuja hapa na kalamu, wanatuuliza, wanaandika, wanaondoka. Walichoandika hatukijui mpaka leo. Sijui kama naweza kumpa binti yangu mtu wa namna hiyo. Moyo wangu haujakubali."

Akakunja mikono, akasubiri.

Okwach alielewa kabisa alichofanyiwa. Hapo ufukweni hapakuwa na mtu mwingine wa kujua lugha zote mbili. Angeweza kusema mama anamtakia binti yake heri, wakaendelea na habari za mvua. Akalitazama ziwa, akaanza: binti yangu atakuwa mwalimu, lakini kuna kijana anamtaka. Akaenda nayo yote, na watu wa kalamu, na kuondoka kwao, mpaka akafika kwenye moyo wangu haujakubali. Hakutoa hata kipande.

Rosaura akauliza kijana huyo ni nani.

"Mgeni anauliza kijana huyo ni nani," alisema Okwach.

"Mwambie ndiye anayeongea sasa hivi."

Akamwambia.

Rosaura aliyatazama makreti, akamtazama Mama Janet, kisha akaegemea mbele na kuanza kusema. Alisema kirefu, kwa sauti ya chini, mkono kifuani. Alisimulia habari ya mama yake mwenyewe na samaki na ziwa lao la milimani, na habari hiyo ilipokaribia mwisho ikageuka kumsifu Okwach. Haikuwa sifa ya juujuu. Alimsifu kwa undani, kama mtu anayemwombea kitu, na masikio ya Okwach yakapata moto. Hadithi na sifa zilikuwa zimesukwa pamoja. Ukivuta uzi mmoja, wa pili unafuata.

Alipomaliza, wote walimgeukia Okwach. Na kijana aliyekuwa amejitangazia kukataliwa kwake mwenyewe bila kupepesa macho, sasa akashindwa. Ajisifu? Mbele ya mama mkwe, kwa sauti, huku wanawake wote wa Igombe wanasikiliza? Mtu aliyelelewa vizuri hujitwisha lawama zote unazompa, lakini sifa zake hawezi kuzitamka. Mdomo ulifunguka kabla akili haijaamua.

"Anasema asante sana, mama. Anasema hata mama yake aliuza samaki."

"Basi?" aliuliza Mama Janet.

"Basi, mama."

"Amesema muda wote huo. Amefika mpaka kutaka kulia. Kumbe alikuwa anasema asante?"

Okwach akarudisha macho ziwani.

"Mimi nikimpimia mtu dagaa, sado inajaa mpaka inamwagika, na anaona kwa macho yake," alisema mama. Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Hii yako imefika nusu. Nusu nyingine umeiweka wapi?"

Angesemaje? Kwamba nusu nyingine ilikuwa inanisifu mimi? Alikaa pale nyuma ya makreti akiwa ameinamisha kichwa, na kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo.

"Mgeni amesema jambo juu yangu, au juu ya mahali petu, na wewe umelificha," alisema Mama Janet. "Sawa. Tumemaliza." Akasimama, akamfungia Rosaura dagaa wakavu kwenye karatasi na kumuaga kwa adabu zote, na kwa upande wa makreti hakugeuka tena.

Kesho yake Rosaura alipanda ndege kwenda zake, akiamini maneno yake yamefika.

Janet alipiga simu mchana. "Umefanya nini Igombe? Mama amesema wazee wako wasihangaike na nauli. Amesema, anayenipunguzia mimi maneno mchana kweupe, wewe atakupunguzia vingapi ndani ya nyumba?"

Okwach akamweleza yote. Janet alicheka mpaka ikabidi simu iondolewe sikioni. Alipomaliza kucheka, sauti yake ilikuwa nyingine. "Wewe mwanaume ni mjinga," alisema, "na mimi ndiyo maana nakupenda. Ngoja nikamwambie mimi."

Jioni akapiga tena. Mama hakutaka kusikia. Alimkatisha mwanzoni kabisa: maneno hayo hukupewa wewe, aliyepewa ndiye ayalete.

Kwa Dakta Malimi mambo hayakuwa bora. Waliketi watatu ofisini, yeye, Mwalimu Venant na Okwach, wakasikiliza nakala ya mahojiano aliyoiacha Rosaura, tangu mwanzo. Mwalimu Venant alikuwa anatafsiri kwa Dakta sehemu za Rosaura. Walipofika pale pa kukataliwa, Dakta Malimi alimtazama Okwach kwa heshima mpya. Walipofika pa sifa, Mwalimu Venant alianza kwa kucheka, akatafsiri, akapunguza mwendo, akamalizia akitafuta leso. Ndipo sauti ya Okwach ikasikika: anasema asante sana, mama. Dakta Malimi akazima.

"Maneno ya kukuumiza umeyatafsiri yote."

"Ndiyo, Dakta."

"Ya kukusifu umeyameza."

"Nilishindwa. Mtu anajisifuje mbele ya mama mkwe?"

"Hukuwa unajisifu. Ulikuwa umebeba mzigo wa mtu." Dakta Malimi alivua miwani. "Najua umefanya kwa adabu. Na mimi ni Msukuma, nina wakwe, najua. Lakini huyo mama aliuliza nusu iko wapi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Siwezi kusahihisha nusu ya mahojiano, wala mwenzangu hapa hawezi. Nenda kamalizie."

"Mwalimu," Okwach alimgeukia Venant, "twende wote. Wewe useme, mimi nitakaa pembeni."

"Mimi?" Mwalimu Venant alikuwa bado na leso mkononi. "Mgeni maneno yake alikukabidhi wewe. Na safari hii hata kabla ya chakula cha mchana sikusaidii."

Okwach alichelewesha kwenda kadiri alivyoweza. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alipanga vitabu vyake kwa ukubwa, kisha kwa lugha. Mbalamwezi ikaisha, giza likarudi, na usiku taa za mitumbwi zikatapakaa ziwani. Janet hakumsukuma. Aliuliza mara moja tu, "Unaogopa nini, kukataliwa? Umeshakataliwa." Kwa maneno hayo Okwach akavaa shati, akaenda Igombe.

Safari hii hapakuwa na viti. Ulikuwa wakati wa kazi, jua kali, machanja yamejaa mpaka ukingoni, na mzigo uliozidi umetandazwa chini kwenye nyavu. Harufu ya dagaa wabichi ilikamata koo. Wanawake walikuwa wanageuza kwa mikono miwili, na Mama Janet alikuwa kwenye chanja la mwisho, karibu na maji. Okwach alifika upande wa pili wa chanja hilo, akageuka, akampa mgongo kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mikono haikusimama. Aliisikia ikichakarisha dagaa nyuma yake.

"Nimeleta iliyobaki."

"Iliyobaki ya nini?"

"Ya mgeni."

Mikono iliendelea kidogo. "Lete," alisema.

Machanja ya jirani yakanyamaza. Okwach alivuta pumzi, akaikumbuka sheria, akaanza kama Rosaura.

"'Mimi nilizaliwa kando ya ziwa, mama, kama wewe. Nyumbani kwetu hatukusema Kihispania, tulisema Kiaymara. Mama yangu aliuza samaki. Siku moja walikuja waandishi wa mjini na mkalimani wao. Wakamuuliza mama yangu maisha yake. Mama akasema mpaka kivuli cha nyumba kikahamia upande mwingine. Alieleza alivyozika watoto, alivyogombana na wenye mitumbwi, mambo ambayo hata sisi hakuwahi kutuambia. Mkalimani akawageukia wale waandishi, akasema: anasema maisha ni magumu. Basi. Mimi nilikuwa mtoto, lakini lugha zote mbili nilizisikia. Mama yangu alikufa akiamini amesema na dunia.'"

Nyuma yake mikono ilikuwa imesimama.

"'Kwa sababu hiyo nilikuja hapa na wasiwasi. Nilikuwa nangoja huyu kijana akupunguze. Umesema kirefu, na mimi nimepokea kirefu. Halafu umemkataa.'" Hapo akakohoa, akaendelea. "'Umemkataa, na yeye akaniletea kukataliwa kwake kote, kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nisingejua kamwe kama angeficha. Unasema anasoma lugha ambayo hapa hakuna anayeisema. Mimi hapa nipo, mama. Nimekusikia kwa sababu yake. Moyo wako una haki ya kungoja, siwezi kuuharakisha. Lakini sina binti. Ningekuwa naye, kijana huyu angenikuta mlangoni nimeshafungua.'"

Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, na alijua mama analiona.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Hukupunguza?"

"Sikupunguza."

"Hiyo ya mlango. Irudie."

Aliirudia. Mwanamke mmoja upande wa kulia akapiga kigelegele, na Mama Janet akamwambia kwa Kijaluo anyamaze, dagaa hawajageuzwa. Lakini mwenyewe hakuanza kugeuza.

"Huyo mama yake," alisema baadaye, taratibu. "Mpaka anakufa, hakujua?"

"Mgeni hakusema zaidi ya hapo, mama."

"Masikini." Akavuta makamasi kidogo, au ilikuwa ni upepo. Okwach hakuwa na ruhusa ya kugeuka kuhakikisha. "Na wewe kwa nini ulikata?"

"Niliona haya."

"Haya ya kusifiwa."

"Ndiyo, mama."

"Nilipokusema vibaya hukuona haya."

"Yale yalikuwa yako, mama. Sikuwa na haki ya kuyagusa."

"Na haya yalikuwa ya mgeni."

"Ndiyo. Nimejua sasa."

Mikono ikarudi kwenye dagaa. Iligeuza chanja zima, pole pole, kutoka mwisho mpaka mwisho, na Okwach alisimama palepale akisikiliza, bila kujua kama ameshaambiwa aondoke.

"Waambie wazee wako waje," alisema Mama Janet. "Na wasiniletee maneno machache."

Okwach alitaka kusema asante, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, asante ikatoka. Wanawake wakaangua kicheko, na yule wa kigelegele akapiga tena bila kungoja ruhusa.

"Hebu kwanza," mama alisema juu ya kelele. "Mkwe, kwa hiyo lugha yako, wanamwitaje?"

"Yerno, mama."

"Yerno." Alilijaribu polepole, akalijaribu tena. Machanja ya jirani nayo yakalijaribu, kila mmoja kwa namna yake, na kwa muda ufukwe wote wa Igombe ulikuwa unasema yerno huku unageuza dagaa.

Okwach aliondoka bila kugeuka, kama mila inavyotaka. Alikuwa anafikiria simu atakayompigia Janet, na nauli ya wazee, na jinsi atakavyoanza habari yake kwa Kiswahili na jinsi atakavyoianza kwa Kihispania. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka hakuona anakoweka miguu. Ndipo aliposikia sauti ya mama mkwe ikimwita kwa nguvu, mbele ya watu wote. Tangu waanze kuogopana, mama huyo hakuwahi kumwita, maana kimila haruhusiwi kulitamka jina lake.

"Yerno! We yerno! Unawakanyaga dagaa wangu!"

Akatazama chini. Kweli, alikuwa amewakanyaga.